Shikamoo Iliyopita kwa Wakala

Vijana mnaobaki ofisini, mmeniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa. Nimekubali kwa sababu siku ya kuniaga, aliyesoma risala alinitaja kama "mtaalamu wa mifumo ya mtandao", na jamaa zangu wa Nyantakara waliokuja kula pilau wakaelewa kwamba natengeneza redio. Tangu nirudi shambani nimeletewa redio tatu na pasi. Pasi niliifungua, nikaifunga, ikawaka, na sasa hali imekuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo niseme wazi nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nawaomba watu nisiowajua, waliojificha nyuma ya watu wengine nisiowajua, waondoe mtandaoni nyimbo na vitabu walivyowaibia watu ninaowajua. Habari za vyeo na mishahara mtanisamehe. Cheo kilikuwa kimoja, alikuwa nacho Bwana Elikana mwenye ofisi, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huo huo mnaolipwa mpaka leo.

Nilianzia Rusumo, mpakani, kwa wakala wa forodha. Kazi ya wakala ni kusimama mbele ya mzigo usio wake. Lori linatoka bandarini, linaelekea Kigali, mwenye mali yuko anakojua mwenyewe. Forodha wakiuliza, anajibu wakala. Wakigomba, anagombezwa wakala. Afisa mmoja mkali alimbana bosi wangu akamuuliza, "Hivi huyu mwenye mzigo umewahi kumwona?" Bosi akajibu bila kupepesa macho, "Mheshimiwa, hata sauti yake siijui. Namjua kwa karatasi." Afisa akagonga muhuri, na chai ikaendelea. Mimi niliona ni jambo la kawaida kabisa. Ndiyo maana miaka mingi baadaye, nilipoelezwa habari za tovuti zisizo na mwenyewe, sikushangaa. Kilichonisumbua ni kitu kimoja tu. Rusumo, mwenye mzigo asipojitokeza, lori linakaa pale pale mpaka ajitokeze. Tovuti haina geti la kuizuilia.

Aliyenieleza habari hizo ni Bwana Elikana, aliyekuwa karani wa mahakama Biharamulo. Alipostaafu alifungua ofisi Nyakanazi ya kutetea kazi za wanakwaya na watunzi wa vijitabu. Aliichagua Nyakanazi kwa sababu mabasi ya Ngara, Biharamulo, Kakonko na Kahama yote lazima yasimame pale watu wapate kula. Chumba alichokipata kilikuwa uani kwa gesti moja, mlango wetu na mlango wa choo ikifanana rangi. Wageni wa gesti walikuwa wanafungua ofisi wakitafuta choo, na wateja wetu walikuwa wanafungua choo wakitafuta haki. Bwana Elikana aliandika "OFISI" kwa chaki mlangoni, mvua ikafuta, akaandika tena. Mtu mwembamba yule, suruali imenyooka kama rula, na hakuwahi kupandisha sauti hata siku moja. Mimi nilikuwa nimezoea kusema kwa kelele za malori, kwa hiyo wateja walidhani ananitumia kuwatisha.

Siku yangu ya kwanza aliniketisha mbele ya kompyuta akaniambia, "Veneranda, tovuti ni mpangaji. Seva ni nyumba anayopanga, nayo ina mwenye nyumba. Lakini hapa mbele, barabarani, kuna mtu amesimama. Huyo ni wakala. Kila anayekuja kumuulizia mpangaji anaishia kwake. Ukitaka anwani ya nyumba, anakupa anwani ya kwake yeye."

"Kwa nini wasimfukuze?" nikauliza.

"Kwa sababu hana kosa. Wenye tovuti nzuri nao wanamtumia, anawakinga na wahuni. Kosa ni la mpangaji. Yeye anapitisha tu."

Nikamwambia huyo ninamfahamu, nimefanya naye kazi Rusumo. Akafurahi, akanipa ufunguo wa droo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, na bado ni hivi. Kwanza unapiga picha ya ukurasa wa tovuti kabla hujamgusa mtu, maana wezi wengine wakilalamikiwa wanaondoa kitu asubuhi na kukirudisha mchana. Pili unahakikisha mteja ana kazi asilia mkononi, awe na CD yake au muswada wake, maana wapo wanaokuja kudai wimbo walioupenda tu. Halafu unajaza fomu ya malalamiko ya kampuni ile ya uwakala huko ng'ambo. Unaweka kiungo cha ukurasa wenyewe wenye wizi, usiweke mlango wa mbele wa tovuti. Ukiweka mlango wa mbele watakujibu kwamba hawaoni kitu, na hawaongopi.

Malalamiko yangu ya kwanza yalijibiwa siku ile ile. Kampuni ilinishukuru sana. Ilisema yenyewe haihifadhi chochote, na kwamba imempelekea mwenye tovuti malalamiko yangu pamoja na jina langu na anwani yangu ya barua pepe. Niliisoma mara mbili. Nilikuwa nimemshitaki mwizi, na mahakama imempa mwizi jina langu. Nikaenda kufunga mlango kwa komeo.

Bwana Elikana akaniuliza kwa upole, "Ulitaka akujue kwa jina gani?"

Mwizi yule aliniandikia kweli baada ya siku chache. Alinipa punguzo la kutangaza biashara kwenye tovuti yake.

Halafu kulikuwa na mtihani wa kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Nyinyi siku hizi mnaupita bila kuangalia, lakini sisi ulitutesa. Mara ya kwanza tuliambiwa tuchague picha zote zenye bomba la zimamoto. Zilikuwa picha za mitaa ya ng'ambo, na mimi bomba la zimamoto nilikuwa sijaliona tangu kuzaliwa. Bwana Elikana alisogeza miwani, akaonyesha kitu kifupi chekundu pembeni mwa barabara, akasema kile ni kinu cha kusagia karanga. Tukakiruka. Tukaambiwa sisi ni roboti. Mara ya pili wakataka taa za kuongozea magari, nazo Nyakanazi hazipo. Ikabidi tumwite dereva wa lori aliyekuwa anakula ugali pale nje. Aliingia na tonge mkononi, akaonyesha kwa kidole, moja, nyingine, ile ya pembeni, na tukafaulu. Kwa muda mrefu ubinadamu wetu ulitegemea kama kuna lori limepaki.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitawapa moja ya kuwafundisha. Bwana shamba mstaafu wa Biharamulo alileta kijitabu chake cha ufugaji wa kuku wa kienyeji. Kilikuwa kimewekwa mtandaoni chote, na picha yake juu. Mwenye tovuti alikuwa amefichwa vizuri. Nikajaza fomu, nikaisukuma. Keshoye mzee akaja mbio ofisini, jasho linamtoka, ameshika simu.

"Mama, kuna mtu ananishitaki! Anasema nimeiba kitabu cha kuku! Na jina lake ni kama lako!"

Kumbe tovuti ilikuwa ya kwake. Mwanawe wa Mwanza alimfungulia kwa anwani ya mzee mwenyewe ili kumfurahisha, akamlipia na ulinzi wa wakala, akasahau kumwambia baba. Mzee alikuwa amejilalamikia mwenyewe, akajificha mwenyewe, akajikamata. Aliniomba tumsamehe mtuhumiwa. Tangu siku hiyo, kabla sijafungua jalada, namuuliza mteja ana watoto wangapi wanaojua kompyuta. Nanyi muulizeni.

Sasa nifike kwa Mama Perpetua, maana ndiye aliyefanya niandike haya.

Alikuja na basi la Ngara pamoja na Mzee Bonifasi, mwenyekiti wa kwaya yao ya parokia. Mama Perpetua ndiye mwalimu wa kwaya hiyo, mwanamke mrefu, mtu mzima sana, mwenye sauti ya chini inayokufanya usogee. Binti yake wa mwisho, Anjelina, alifariki kwa ugonjwa akiwa bado sekondari. Mama alimtungia wimbo. Katika wimbo huo kuna mahali kinanda kinanyamaza, kwaya inanyamaza, na yeye peke yake anaita, "Anjelina, uko wapi?" Panakuwa kimya kidogo. Kisha kwaya inarudi taratibu. Walirekodi Biharamulo, wakatoa CD, na mtu fulani akaupandisha kwenye tovuti ya kupakua nyimbo bure.

Alinipa simu nisikilize. Sauti yake ikaita, "Anjelina, uko wapi?" Na pale penye kimya, mwanaume mchangamfu akadakia, "Tupo hapa! Pakua bure, karibu tena!"

Dereva wetu wa taa za barabarani alikuwa mlangoni, akaangua kicheko. Mama Perpetua hakumkasirikia. Alimtazama tu, akasema, "Hata mimi ningecheka, kama angekuwa mtoto wa mwingine."

Kisha akanigeukia. "Namwita mtoto wangu, anaitika mwanaume. Sokoni Ngara anaitika. Hapa stendi, ndani ya lori, ameitika leo nikishuka. Tukivuna maharage tutakuwa na misa ya kumkumbuka. Mwana wanje, mwanangu, nataka siku hiyo nimwite, pawe kimya. Watu wasiwe wanangoja yule mtu aitike."

Nilimwahidi. Nilikuwa na uzoefu, nilikuwa na hasira, na nilidhani hivyo viwili vinatosha.

Nililalamika kwa wakala, akanishukuru, akapitisha. Kimya. Nikamwomba aniambie mwenye seva, akaniambia, naye alikuwa nchi nyingine kabisa. Mwenye seva akasema nimuone aliyeuza jina la tovuti. Muuza jina akasema nimuone wakala. Nilizunguka kama basi linalotafuta abiria pale njia panda, na kila nilikopita nilishukuriwa. Barua zangu zilikuwa kali, zenye vifungu vya sheria ambavyo Bwana Elikana alivikagua kimoja kimoja. Hakuna aliyezijibu ila mashine.

Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua Mama Perpetua aliporudi na Mzee Bonifasi. Nikamsomea barua ninayotuma, nikimtafsiria kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Salamu iko wapi?" akauliza.

"Mama, hii ni fomu ya sheria. Haina salamu."

"Unafika kwa mtu, hujabisha hodi, hujamwamkia, unamwambia yeye ni mwizi. Wewe ungejibu?"

Nikamweleza kwamba kisanduku kina kikomo cha herufi, na kwamba anayeisoma kwanza ni mashine.

"Mashine ipitishe," akasema. "Si umesema kazi yake ni kupitisha?"

Nikamtazama Bwana Elikana anisaidie. Akatazama dirishani.

Mzee Bonifasi akauliza tutamwamkiaje mtu ambaye hatujui umri wake. Mama Perpetua hakusita. "Usiyemwona uso unamwamkia shikamoo. Akiwa mkubwa, umemheshimu. Akiwa mdogo, atashtuka mwenyewe. Atasema hapana mama, mimi ndiye wa kukuamkia wewe. Mtoto aliyelelewa hawezi kuipokea."

Akaniamuru niandike, naye anatamka. "Shikamoo wewe mwenye tovuti. Habari za hapo nyumbani na za kazi. Sisi huku Ngara hatujambo, mvua zimenyesha vizuri, migomba imesimama, hofu ni kwenu. Mimi naitwa Perpetua, mama yake Anjelina. Baada ya salamu, dhumuni la barua hii..." Hapo kisanduku kikajaa. Tulikuwa hatujafika kwenye wizi. Nilitaka kupunguza migomba, akakataa, akasema migomba ndiyo inayoonyesha kwamba hatuna ugomvi. Nikaituma hivyo hivyo, lalamiko lisilolalamika, nikaona aibu hata mbele ya ile mashine.

Jibu likaja baada ya siku mbili. Halikutoka kwa mashine.

"Marahaba. Hatujambo kabisa. Huku nako mvua ipo."

Vijana, nilipiga kelele mpaka mgeni wa gesti akatoka chooni. Katika miaka yangu yote hakuna mwizi aliyefichwa aliyewahi kujibu ila kwa kuniuzia tangazo. Na huyu ameitikia salamu kama Mswahili mwenzetu! Nilijaribu kumwandikia moja kwa moja, barua ikanirudia kwamba anwani hiyo haipokei. Njia ya kumfikia ilibaki moja, kumlalamikia. Nikampigia Mama Perpetua aje haraka.

Alisoma jibu akiwa amesimama. Akaliweka chini ya pua ya Mzee Bonifasi naye akalisoma. Nilingoja wafurahi.

"Amepokea," Mama akasema.

"Ndiyo, amepokea barua!"

"Amepokea shikamoo yangu. Ana umri gani?"

"Mama, tunachotaka ni wimbo uondolewe."

"Oya, hapana. Kwanza umri."

Basi nikajaza fomu nyingine ya hakimiliki, nikaweka kiungo cha ukurasa, na kwenye maelezo ya ukiukwaji nikaandika: "Tafadhali taja umri wako." Kampuni ya uwakala ilinishukuru, ikapitisha. Jibu likaja: "Miaka ishirini na tisa. Kwani kuna nini?"

Mama Perpetua alikaa. Mzee Bonifasi alisimama. Ikawa kama mmoja hawezi kukaa bila mwenzake kusimama. Mama akasema mjukuu wake wa kwanza ana umri kama huo, na kwamba mjukuu huyo akithubutu kuitikia marahaba atakula nje na mbuzi. Mzee Bonifasi, aliyekuwa katekista na anajua dhambi kwa madaraja yake, alisema hapa tumetoka kwenye wizi tumeingia kwenye jambo zito.

"Huo ni utaperi," alisema kwa lafudhi yake ya Ngara. "Amepokea kitu ambacho si harari yake. Airudishe."

Nikawaambia fomu haina mahali pa kudai shikamoo. Wakataka waone. Nikawasomea aina za malalamiko moja moja: hakimiliki, alama ya biashara, ulaghai, matusi, na mengine ya aibu. Mzee Bonifasi alishikilia ulaghai. Bwana Elikana, ambaye nilitegemea atatufukuza sote, alivua miwani akasema kwa sauti ya mahakama kwamba ulaghai unahitaji nia, na nia haijathibitika. Alishauri hakimiliki. Shikamoo ilitungwa na mama kwa ajili ya mkubwa wake, ikatumiwa na asiyehusika. Tukaafikiana. Kwenye "kazi iliyochukuliwa" nikaandika: shikamoo moja. Kwenye "mahali ilipo kazi asilia" wakabishana kidogo, nikaandika: Ngara, kwa mwenyewe.

Likabaki sanduku la maelezo. Mama Perpetua alisogeza kiti karibu. Safari hii alisema pole pole, wala hakutaja mvua.

"Andika hivi. Ulipopokea shikamoo yangu ulijifanya mkubwa wangu. Na ninapomwita Anjelina unaitika wewe. Anjelina ni mwanangu, amekufa. Ninapomwita sipendi mtu aitike. Nirudishie."

Niliandika. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Nilimpenda mama yule, nikamchukia kijana yule, na nikaichukia ile kampuni iliyosimama katikati ikisema asante. Nikasukuma.

Kikafuata kimya kirefu. Maharage yakakomaa, yakang'olewa, yakaanikwa. Tarehe yangu ya kustaafu ilikuwa inakaribia, na kila asubuhi nilifungua ule ukurasa nikaukuta, nikausikiliza mpaka pale anapoita, nikauzima kabla yule mtu hajadakia. Bwana Elikana aliniona. Alininunulia chapati.

Jibu lilikuja katika wiki ya misa yenyewe. Ninalikumbuka neno kwa neno.

"Shikamoo mama. Ile ya kwanza nisamehe. Niliona nimeamkiwa nikaitikia haraka haraka, sikufikiria ni nani. Sauti inayoitika ni yangu. Nilijirekodi siku moja chumbani, halafu programu inaibandika yenyewe kila inapokuta kimya kwenye wimbo. Nyimbo ni nyingi, huwa sizisikilizi. Wako nimeusikiliza jana. Nimeuondoa."

Nilifungua ukurasa. Haukuwepo. Nikaufungua kwa simu, nikaufungua kwa simu ya mwenye gesti, haukuwepo. Nikampigia Mama Perpetua, akaniambia nirudie, nikarudia, akakata simu bila kuaga.

Jumapili nilipanda basi kwenda Ngara. Kanisa lilijaa mpaka nje. Ulipofika wimbo, niliona watu wengine wakiinua nyuso pale kwenye kuita, kwa mazoea, wanangoja. Mama Perpetua aliita, "Anjelina, uko wapi?" Pakawa kimya. Hakuna aliyeitika, hata mtoto mchanga hakulia, na ule ukimya aliuacha ukae muda mrefu kuliko kwenye CD. Nililia bila kujificha. Sikuwa nimewahi kuona kazi yangu kabla ya siku hiyo, maana kazi yetu ikifanyika vizuri kinachobaki ni ukurasa usiokuwepo.

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mwisho ofisini. Nilikuwa nafuta meza nimkabidhi Bwana Elikana funguo, mlango ukafunguliwa. Nilidhani ni mtu wa choo. Alikuwa Mama Perpetua na Mzee Bonifasi wake.

"Sijamjibu," akasema kabla hajakaa.

"Nani, mama?"

"Yule mtoto. Ameniamkia tangu wiki iliyopita, shikamoo yake inaning'inia tu. Watu watasema nina kiburi."

Nikawasha kompyuta. Nikafungua fomu, nikaweka kiungo cha wimbo wa Anjelina, fomu ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba ukurasa huo haupo na malalamiko hayawezi kupokelewa. Nikajaribu tena. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii nilishindwa kulalamika kwa kukosa kosa. Mzee Bonifasi alipendekeza tumwombe kijana aurudishe wimbo kwa dakika chache, mama amwitikie, kisha auondoe tena. Nikamuuliza tutamwomba kwa njia gani. Akakaa.

Ndipo Bwana Elikana aliponong'ona nitazame kama kwaya ina wimbo mwingine kwenye tovuti ile. Ulikuwepo mmoja, wimbo wao wa kuvuna maharage. Niliuwasha. Wanawake wanaimba kwa furaha, halafu wanaita, "Mko wapi wavunaji?" na hapo wanaume wa kwaya wanatakiwa kujibu. Lakini siku ya kurekodi wanaume walichelewa basi, studio ilikuwa imelipiwa, wakaacha pengo. Programu ya yule kijana ilikuwa imelikuta hilo pengo.

"Mko wapi wavunaji?"

"Tupo hapa! Pakua bure, karibu tena!"

Mzee Bonifasi aligonga meza kwa kicheko. Mama Perpetua hakucheka mara moja. Aliniomba nirudishe nyuma, akasikiliza tena, kichwa kimeinama, akitikisa mguu. Mara ya tatu akatabasamu.

"Hapa amepatia," akasema.

Nikaweka kiungo, fomu ikakubali. Chini kabisa kuna kiapo, nanyi mnakijua, kwamba kazi inatumiwa bila ruhusa ya mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, hapa unaapa kwamba hujampa ruhusa. Kama unataka kumpa, hatuwezi kuapa."

Alifikiri. "Ruhusa iko ndani ya barua?"

"Ndiyo."

"Na barua haijaenda?"

"Bado."

"Basi bado sijampa. Tuape upesi."

Alisimama, akanyoosha mkono wa kulia. Mzee Bonifasi akasimama. Bwana Elikana, karani wa mahakama maisha yake yote, akafunga kifungo cha koti akasimama naye. Nikatia tiki.

"Sasa andika," akasema Mama Perpetua. "Marahaba, mwanangu. Huu wa maharage kaa nao. Huku endelea kuitika."